Maktaba Inayotunza Madeni ya Waliokufa

Upande wa Boston wa Mto Charles, ng'ambo ya chuo kikuu chenyewe, liko jengo la maktaba ya Shule ya Biashara ya Harvard. Linaitwa Baker. Ndani yake, mbali na meza za wanafunzi, zimetunzwa leja 2,580 zilizoandikwa kwa mkono, na karibu kila mstari wa leja hizo unamhusu mtu aliyetaka kuuziwa bidhaa kwa mkopo. Wengi wa watu hao hawakuacha alama nyingine duniani zaidi ya jina kwenye sensa na jiwe la kaburi: muuza viatu wa mji mdogo, mjane mwenye duka la kofia, seremala aliyefilisika akaanza upya kwa jina la mke wake.

Ninaandika kuhusu maktaba hii kwa sababu kila nikikaa na watu wanaosimamia vyuo, nasikia kauli ileile, kwamba shule ya biashara haihitaji maktaba tena. Bei za hisa ziko kwenye kompyuta, makala ziko kwenye hifadhidata, na mwanafunzi anachotaka ni kiti na soketi ya kuchajia. Kauli hiyo inaniuma. Naona jibu zuri ni kueleza leja zile zilitoka wapi, zilifikaje pale, na kuna kazi gani ambayo isingefanyika bila nyaraka za namna hiyo.

Mwaka 1837 biashara ya Marekani iliporomoka. Mabenki yaligoma kubadilisha noti zao kwa dhahabu na fedha, na wafanyabiashara wa jumla wa New York, waliokuwa wamewakopesha wenye maduka wa mikoa ya mbali, wakabaki wameshika karatasi za madeni yasiyolipika. Ndugu wawili waliouza hariri, Arthur na Lewis Tappan, walianguka wakiwa na deni lililopita dola milioni 1. Lewis hakukata tamaa. Aliona kwamba kilichowaangusha ni kuuza kwa mkopo kwa mtu usiyemjua, aliye safari ya siku nyingi kutoka kwako. Mwaka 1841 akafungua ofisi aliyoiita Mercantile Agency, ambayo bidhaa yake ilikuwa habari za watu: nani analipa, nani halipi, nani ana shamba, nani anakunywa.

Msomaji wa Afrika atapenda kujua kwamba Lewis Tappan huyuhuyu alikuwa nguzo ya kamati iliyowatetea Waafrika wa meli ya Amistad, waliokuwa wametekwa ili wauzwe utumwani, wengi wao Wamende kutoka sehemu ambayo leo ni Sierra Leone, mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ikawaachia huru. Ilikuwa mwaka huohuo wa 1841. Mpinga utumwa ndiye aliyeanzisha kampuni ya kwanza kubwa ya kupima uaminifu wa wakopaji. Mimi naliona jambo hilo kila ninaposoma kuhusu leja zile, kwa sababu baadaye leja hizohizo zilikuja kubeba chuki nyingi za rangi.

Mfumo wenyewe ulikwenda hivi. Kila wilaya ilikuwa na mleta habari wake, mara nyingi wakili kijana ambaye hakulipwa mshahara bali alipewa kazi ya kudai madeni ya eneo lake. Abraham Lincoln, akiwa bado wakili Illinois, alikuwa mmoja wao. Mleta habari alituma barua, na makarani wa New York walinakili muhtasari wake kwenye leja ya jimbo na wilaya husika. Mteja aliyelipa ada alikuja ofisini, akataja jina la mtu aliyemwomba mkopo, karani akafungua leja na kumsomea. Habari zilisomwa kwa mdomo tu, kwa siri, na mleta habari alitambulishwa kwa namba ili asijulikane. Siri hiyo ililindwa kwa gharama kubwa. Mfanyabiashara mmoja wa Ohio alipofungua kesi ya kuchafuliwa jina, Benjamin Douglass, aliyekuwa ameshaushika uongozi wa kampuni baada ya Tappan, alikubali kwenda jela kuliko kuwataja walioleta habari. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa mlalamikaji fidia ya dola 10,000. Kesi ilizunguka miaka na miaka hadi Mahakama ya Juu ikatengua hukumu mwaka 1870.

Ukurasa mmoja wa leja hizo ukiusoma kwa makini utakuchosha macho na kukufurahisha kwa pamoja. Mwandiko ni mdogo sana, umebanana, kwa sababu karani aliogopa kumaliza nafasi. Maneno yamekatwa: thamani ya mali, tabia, umri, ndoa, vyote vimefupishwa kwa herufi mbili tatu. Kila taarifa ina mwezi na mwaka wake, kisha inafuata nyingine ya miezi sita baadaye, kwa mwandiko wa mtu mwingine. Nafasi ikiisha, pembeni panaandikwa namba ya ukurasa ambako habari zinaendelea, nawe unafuata, kisha unarushwa tena mbele. Ndivyo unavyomsindikiza mtu mmoja maisha yake yote ya biashara: anaanza akiwa hana kitu, anasifiwa kwa bidii, anachukua mshirika, anajenga nyumba kubwa kuliko uwezo wake, wenye mamlaka ya mji wanaanza kumtilia shaka, kisha unafika mstari unaosema amefunga. Baada ya hapo pengine hakuna kitu, au pengine miaka miwili baadaye anaibuka katika wilaya nyingine.

Leja hazikupima fedha peke yake. Mfanyabiashara Mweusi aliandikwa kuwa Mweusi kabla hata ya mali yake kutajwa. Wayahudi waliandikwa kwa maneno ya kuwashuku kama kundi, hata pale ambapo madeni yao yalikuwa yamelipwa kwa wakati. Wanawake waliandikwa na waume zao wakitajwa, wawe hai au wamekufa. Lakini kwa kuwa waliandikwa, wanahistoria wa siku zetu wameweza kuthibitisha kwamba walikuwepo. Mengi tunayojua leo kuhusu wanawake wenye biashara zao wenyewe katika miji ya Marekani ya karne ya 19, na kuhusu wafanyabiashara Weusi waliofanikiwa hata kabla utumwa haujafutwa, yametoka kwenye kurasa hizi. Karani aliyeandika kwa dharau aliacha ushahidi dhidi ya dharau yake.

Robert Graham Dun aliichukua kampuni mwaka 1859, ikaitwa R.G. Dun & Co. Mwaka 1933 iliungana na mshindani wake Bradstreet. Leja zilikuwa zimeshapoteza kazi zamani, kwa kuwa mashine za kupigia chapa zilikuwa zimeingia na waliotajwa ndani walikuwa wamekufa. Kwa hesabu ya kibiashara zilikuwa mzigo unaokula nafasi. Mwaka 1962 kampuni iliipa maktaba ya Baker leja hizo.

Lakini kwa nini maktaba ya shule ya biashara ilikubali kubeba mzigo huo?

Shule yenyewe ilianza mwaka 1908, na mkuu wake wa kwanza, Edwin Gay, alikuwa mwanahistoria wa uchumi. Watu walicheka wazo la kutoa shahada ya uzamili kwa biashara, kazi ambayo kila mtu alijua hujifunzwa dukani. Tatizo la Gay lilikuwa zito kuliko kejeli hizo: hakukuwa na cha kufundishia. Sheria ilikuwa na hukumu za mahakama, tiba ilikuwa na wagonjwa na maiti, biashara ilikuwa na nini? Mwaka 1911 shule iliunda ofisi ya utafiti, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenda kwenye maduka ya viatu kuuliza gharama za kuuza jozi moja. Watafiti wakarudi na kizungumkuti. Kila mwenye duka aliweka hesabu kwa mtindo wake. Mmoja aliingiza kodi ya jengo kwenye matumizi, mwingine hakuiingiza kwa sababu jengo ni lake. Mmoja alijilipa mshahara, mwingine alichukua kwenye droo. Ikabidi kwanza shule itunge mfumo mmoja wa hesabu kwa maduka ya viatu na kuwaomba wenye maduka waufuate, ndipo ulinganisho uwezekane. Hicho ni kisa ninachokipenda kuliko vyote vya shule ile. Elimu ya biashara ilianza kwa mtu kuomba kuona daftari la mwenzake.

Mkuu aliyefuata, Wallace Donham, alikuwa amesomea sheria, akaleta mtindo wa kufundisha kwa visa: wanafunzi wanapewa tatizo halisi la kampuni halisi, wanabishana darasani. Visa vilihitaji watu wa kwenda viwandani kuvikusanya, na vilihitaji pa kuviweka. Shule haikuwa na majengo yake. Mwaka 1924 mzee wa benki ya First National ya New York, George F. Baker, ambaye mwenyewe hakusoma chuo kikuu, aliombwa dola milioni 1. Akajibu kwamba angetoa milioni 5, mradi ajenge shule nzima peke yake. Majengo yalizinduliwa 1927, yakiwa yamechorwa na McKim, Mead & White, na lililowekwa katikati, likitazama mto, lenye nguzo mbele na mnara juu, ni la maktaba. Wangeweza kuweka hapo ukumbi wa mikutano au ofisi ya mkuu.

Mwaka 1925, kabla hata jengo halijaisha, kiliundwa chama cha historia ya biashara ambacho wanachama wake walikwenda kuokoa karatasi za kampuni zilizokuwa zinakaribia kuchomwa. Kutoka kwenye juhudi za namna hiyo zikaja hesabu za viwanda vya nguo vya New England, zikiwemo za familia ya Slater na za Boston Manufacturing Company ya Waltham. Ukizisoma hesabu za Slater unakuta familia nzima, baba hadi watoto, wameajiriwa pamoja, na mshahara wao unakatwa kwa unga na kitambaa walichochukua kwenye duka la kiwanda. Pamba iliyosokotwa na mikono hiyo ililimwa na watumwa wa kusini. Hakuna hotuba ya mwenye kiwanda ambayo ingekueleza hivyo kwa uwazi wa daftari la duka.

Jarida la chama hicho ndilo lililokuja kuitwa Business History Review mwaka 1954. Na mwaka uleule wa 1927 N.S.B. Gras aliteuliwa kuwa profesa wa historia ya biashara, kiti ambacho hakikuwahi kuwepo mahali pengine.

Mikusanyo mingine ilikuja kwa njia za ajabu. Harry Gordon Selfridge, Mmarekani aliyefungua duka lake kubwa London mwaka 1909, alinunua kwenye mnada wa Christie's mwaka 1918 madaftari ya hesabu ya ukoo wa Medici wa Florence, akayafikisha Harvard. Yumo humo mfanyabiashara wa sufu wa karne ya 15 akiandika kila shilingi yake mara mbili, inakotoka na inakokwenda, kama mhasibu afanyavyo hadi leo. Benki ya Medici ilianguka 1494. Selfridge naye aliondolewa kwenye duka lake mwenyewe, akafa mwaka 1947 akiwa hana mali ya kutaja. Madaftari yako salama.

Kisha kuna vitabu vya Herbert Foxwell, mchumi wa Cambridge, mtu ambaye hakuweza kupita duka la vitabu vikuukuu bila kuingia. Mkusanyo wake wa kwanza, takriban vitabu 30,000 vya uchumi, ulinunuliwa mwaka 1901 na Goldsmiths' Company, chama cha wafua dhahabu cha London, ukapewa Chuo Kikuu cha London. Foxwell akaanza upya palepale, na mkusanyo wa pili ndio uliofika Boston baada ya kifo chake mwaka 1936. Fedha alitoa Claude Kress, na Maktaba ya Kress ikafunguliwa 1938. Baadaye ndugu hawa wawili waliotenganishwa na bahari walipigwa picha za filamu ndogo pamoja, kisha wakawekwa kwenye kompyuta, hivyo msomaji anavisoma vya London na vya Boston kwenye kioo kimoja.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema: sawa, ni hazina ya wanahistoria, lakini mwanafunzi anayetaka kuendesha kampuni inamhusu nini? Hapo ndipo nataka kueleza habari za Hawthorne.

Kiwanda cha Hawthorne cha Western Electric, karibu na Chicago, kilitengeneza vifaa vya simu. Kuanzia 1924 palifanyika majaribio ya mwanga: je, taa ikiongezwa, wafanyakazi watazalisha zaidi? Yakafuata mengine, na kuanzia 1928 Elton Mayo wa Shule ya Biashara ya Harvard akajiunga, kisha Fritz Roethlisberger. Darasani kisa hiki husimuliwa hivi: taa zilipoongezwa uzalishaji ulipanda, zilipopunguzwa ukapanda pia, kwa sababu wafanyakazi walifurahi kuangaliwa. Kimesimuliwa kwa vizazi, kwenye kozi za uongozi, saikolojia na hata tiba. Mameneja wengi wamejengewa imani nzima ya namna ya kuishi na watu kazini juu ya kisa hicho.

Karatasi za majaribio yenyewe zimetunzwa Baker. Humo kuna chumba cha majaribio cha 1927 ambamo wanawake watano waliunganisha relei za simu, yaani swichi ndogo za umeme, kila moja ikiwa na vipande zaidi ya 30. Relei ikikamilika ilidondoshwa kwenye mfereji, na mashine ikatoboa tundu kwenye utepe wa karatasi, hivyo kasi ya kila mwanamke ilijulikana dakika kwa dakika. Waliandika joto la chumba, unyevu, saa alizolala kila mmoja, waliyozungumza. Na kwa kuwa yaliandikwa, wasomi wa baadaye walipokwenda kusoma waliona jambo ambalo simulizi ya darasani huliruka: Januari 1928 wanawake wawili kati ya watano waliondolewa kwa sababu walionekana wasumbufu, wakaletwa wawili wengine wenye kasi zaidi. Huwezi kubadilisha watu katikati ya jaribio kisha ukasema ongezeko limeletwa na furaha.

Takwimu za majaribio ya taa zilidhaniwa zimepotea. Steven Levitt na John List, wachumi wa Chuo Kikuu cha Chicago, wakazikuta zimesalia katika maktaba mbili, ya Chuo Kikuu cha Wisconsin-Milwaukee na ya Baker. Wakazichambua upya, na matokeo yao yakatoka katika jarida la uchumi mwaka 2011. Maajabu yanayosimuliwa hayakuonekana kwenye namba. Walikuta, kwa mfano, kwamba taa zilibadilishwa Jumapili, siku ambayo kiwanda kimefungwa, kwa hiyo kila mara mwanga mpya ulianza Jumatatu. Na Jumatatu uzalishaji ulikuwa juu kuliko Jumamosi iliyotangulia, taa ziwe zimebadilishwa au hazijabadilishwa.

Angalia kilichotokea hapo. Shule ilieneza kisa, na maktaba ya shule hiyohiyo ikatunza karatasi zilizoweza kukipinga, kwa miaka mingi, bila kujua nani angekuja kuzifungua. Mkutubi aliyeziorodhesha hakuwa na upande. Kwangu mimi hii ndiyo sababu ya msingi ya maktaba ya shule ya biashara kuwepo. Biashara ni uwanja uliojaa watu wanaosimulia mafanikio yao. Meneja aliyestaafu anaandika kitabu, kampuni inalipa watu wa kuipamba, mshauri anauza kanuni saba. Mahali ambapo mtu mwingine, asiye na deni kwa yeyote, anaweza kudai kuona hesabu zenyewe ni pachache mno.

Kazi ya kila siku ya wakutubi wa leo haina uhusiano mkubwa na leja za mikopo, na inastahili heshima yake. Mwanafunzi anakuja akisema anataka kujua ukubwa wa soko la bidhaa fulani, amepata namba tatu zinazopishana kwenye intaneti. Mkutubi anamuuliza namba ya kwanza imetoka wapi, nani amelipia utafiti huo, waliohesabiwa ni wauzaji au wanunuzi, mwaka gani. Kwa nusu saa mwanafunzi anaelewa kwamba mbili kati ya zile namba ni moja iliyonakiliwa vibaya. Ni swali lilelile waliloliuliza watu wa 1911 kwenye maduka ya viatu.

Kinachonitia hofu ni kile ambacho maktaba hizi zinanunua sasa, au tuseme zinapangisha. Hifadhidata za hisa, taarifa za masoko, habari za kampuni, zote hulipiwa kwa mwaka. Mkataba huwa unasema nani anaruhusiwa kuingia, mara nyingi wanafunzi na walimu wa chuo tu, na kwa kazi za masomo tu. Malipo yakikoma, mlango unafungwa, na mara nyingi hakibaki chochote kwenye rafu hata kwa miaka ambayo ililipiwa. Mwenye hifadhidata akirekebisha takwimu za nyuma, wanaotumia wanaona zilizorekebishwa, na zile za awali, ambazo watu walizitumia kufanya uamuzi, hazionekani tena. Leja ya Dun ilikuwa na makosa, lakini ni makosa yaleyale kila unapoifungua.

Na upande wa kampuni zenyewe hali ni ngumu zaidi. Polaroid, kampuni ya kamera za picha za papo hapo, iliomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2001, na kwa bahati nyaraka zake, madaftari ya maabara, picha, barua, zikafika Baker. Baker ina pia mkusanyo wa Lehman Brothers, benki iliyoanguka Septemba 2008. Hizo zilikuwa na karatasi. Kampuni inayozaliwa leo inaendeshwa kwa barua pepe na ujumbe wa simu, na wanasheria wake wanaishauri ifute vyote baada ya muda uliopangwa. Ikifa, kilichobaki ni tangazo lake na kisa kimoja cha kufundishia, kilichoandikwa kwa idhini ya wenye kampuni.

Shule za biashara zina nguvu ya kubadilisha hilo, na sioni kwa nini wasianze na visa vyao wenyewe. Kila kisa kinachoandikwa leo huacha nyuma mahojiano, majedwali, rasimu zilizokataliwa. Mwandishi anaiahidi kampuni usiri, na ahadi lazima itimizwe. Lakini usiri unaweza kuwekewa kikomo kwa maandishi tangu siku ya kwanza: miaka 30, 40, hata 50, vitu vikiwa vimekabidhiwa kwa mhifadhi wa nyaraka na kufungwa kwa lakiri. Makarani wa New York walimlinda mleta habari kwa namba, na miaka mingi baadaye majina ya wadaiwa yanasomwa na yeyote anayeomba miadi na maktaba.